Breki za Land Rover 109: kutafuta spea iliyo yake na kuifunga mwenyewe

Muuzaji aliitoa wili silinda, kile kifaa cha gurudumuni kinachosukuma breki, kwenye boksi, akaipuliza vumbi, akaniwekea mkononi. "Mzee, hii inaingia."

Nikamuuliza kama ni ya 109. Akarudia kwamba inaingia, na kweli iliingia. Nilipofika Muheza nati ya paipu ilikubali, spana ikakaza, pedeli ikapanda juu na kuwa ngumu. Siku ya nne nikitoka shamba na matenga ya machungwa nyuma, nikakanyaga breki, pedeli ikaenda mpaka sakafuni. Bahati njia ilikuwa tambarare. Nilishusha gia hadi ya kwanza, nikaliegemeza gari kwenye tuta la mchanga.

Nilipolala chini kuchungulia, nati ilikuwa inaning'inia kwenye paipu yake. Haikukatika wala kupasuka, ilichomoka tu. Silinda niliyouziwa ilikuwa na nyuzi za milimita 10. Nati ya gari langu ni ya inchi 3/8, yaani milimita 9.5 hivi. Tofauti haifiki hata nusu milimita, na nyuzi zenyewe zimepangana kwa karibu sana, kwa hiyo nati inajivuta ndani na kujifanya imekaza. Na kwa kuwa Land Rover hizi nyingi zina njia moja tu ya mafuta ya breki, ikivuja gurudumu moja umepoteza yote manne.

Tangu siku hiyo neno "inaingia" halinitoshi dukani. Ninayoyaandika hapa ni kwa mwenye Land Rover 109 Series III, zile zilizotengenezwa kati ya 1971 na 1985, ingawa mwenye Series IIA au 88 atakuta mengi yanamhusu. Spea zake hazijaadimika, bado zinatengenezwa mpaka leo. Taabu ni kwamba zinafanana mno na zisizo zake.

Hatua ya kwanza: usiiamini kadi ya gari

Namba 88 na 109 ni inchi kutoka kati ya gurudumu la mbele hadi kati ya gurudumu la nyuma. 109 ni kama mita 2.77. Kiwandani, 88 nyingi zilifungwa dramu za inchi 10 na brekishuu (vile vyuma vinavyobana dramu kwa ndani) zenye upana wa inchi moja na nusu. 109 ya injini ya silinda nne ilipewa dramu za inchi 11 na brekishuu za inchi mbili na robo. Ile ya silinda sita, mbele ilikuwa na brekishuu pana zaidi, inchi 3. Hapo tayari una aina tatu za brekishuu kwa gari ambalo dukani linaitwa jina moja.

Sasa ongeza miaka arobaini ya mafundi. Namba ya chesisi utaikuta imegongwa mbele kulia, kwenye chuma kinachoshika ncha ya springi ya majani, na itakwambia gari lilizaliwa likiwa nini. Haitakwambia kwamba mwaka fulani eksele ya nyuma ilivunjika na mtu akafunga ya gari lingine, au kwamba masta silinda iliyopo (ile ya kwenye pedeli, inayosukuma mafuta ya breki) ilitolewa kwenye 88 kwa sababu ndiyo iliyokuwepo siku hiyo. Gari la marehemu baba lilikuwa na aina mbili za wili silinda kwenye eksele moja, kulia na kushoto. Ndiyo maana lilikuwa likivuta upande kila ukikanyaga, na sisi tulizoea tu kushika usukani kwa nguvu.

Basi kabla hujampigia mtu yeyote simu ya spea, fungua magurudumu yote manne uone kilichomo.

Hatua ya pili: kufungua

Jambo la kwanza, na hili wengi hawalijui mpaka gari liwaangukie: breki ya mkono ya Land Rover hizi haishiki magurudumu. Ina dramu yake peke yake nyuma ya gia boksi na inashika propela inayokwenda eksele ya nyuma. Ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, difu, yaani gia za katikati ya eksele, inaruhusu lile lililoinuliwa lizunguke kinyume huku lililobaki chini likibingirika. Breki ya mkono umeivuta mpaka mwisho, na gari linatembea. Kwa hiyo egesha mahali tambarare, weka magogo au mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu yanayobaki chini, ingiza gia, kisha inua na uweke stendi chini ya eksele. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake hata kwa dakika moja.

Ukishavua tairi, legeza adjasta, kile kirekebisho cha brekishuu, iliyo nyuma ya bakipleti, yaani sahani ya chuma inayobeba breki. Usiporudisha brekishuu ndani, dramu iliyochakaa haitoki, kwa sababu imejijengea ukingo unaozishika. Halafu zile skrubu za kichwa bapa zinazoshikilia dramu. Zimekaa humo miaka. Weka mafuta ya kulegeza kutu usiku, asubuhi tumia bisibisi ile ya kugongwa na nyundo, inayojizungusha kila unapoipiga. Bisibisi ya kawaida itaharibu kichwa cha skrubu, na utaishia kutoboa kwa drili. Dramu ikigoma, igonge kwa nyundo ya mbao kwa kuizunguka. Usiigonge ukingoni kwa nyundo ya chuma, ni chuma cha kusubu, inapasuka.

Vumbi lililomo ndani usilipulize, si kwa mdomo wala kwa kompresa. Laining za zamani, ule utando wa msuguano juu ya brekishuu, zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake likiingia mapafuni halitoki. Lowesha kwa maji kwanza, futa kwa kitambaa, kitambaa kiende kwenye mfuko wa nailoni na kutupwa.

Kabla hujagusa springi hata moja, piga picha kwa simu. Picha tatu: nzima, juu, chini. Fungua upande mmoja tu, upande wa pili uuache kama ulivyo mpaka wa kwanza umekamilika. Springi zinaingia kwenye matundu ambayo ukiwa umechoka jioni yanaonekana yote ni sawasawa.

Sasa angalia unyevu. Kukiwa na majimaji kwenye bakipleti, usikimbilie kusema silinda inavuja. Chovya kidole, kisha kioshe kwa maji matupu. Mafuta ya breki yanaondoka na maji. Oili ya difu inabaki inateleza, na ukiinusa ina harufu ya kiberiti. Ikiwa ni oili, tatizo ni sili ya habu, yaani mpira unaozuia oili kwenye kitovu cha gurudumu, na hata ukifunga breki mpya kabisa zitalowa ndani ya wiki moja. Sili ibadilishwe kwanza. Brekishuu iliyolowa oili usihangaike kuichoma kwa petroli wala kuisugua kwa msasa; imekwisha kunywa.

Hatua ya tatu: pima, andika, hifadhi ya zamani

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Chukua daftari, andika gurudumu kwa gurudumu.

Pima kipenyo cha ndani cha dramu kwa vernia, sehemu tatu tofauti. Ya inchi 11 ikiwa mpya ni milimita 279.4, ya inchi 10 ni milimita 254. Inaruhusiwa kuchongwa mpaka izidi milimita 0.75 hivi kwenye kipenyo. Zaidi ya hapo imekuwa nyembamba, inapata moto haraka na kutanuka. Vipimo vitatu vikipishana sana, dramu imekuwa yai, na hiyo ndiyo sababu ya pedeli kukupiga mguu unapokanyaga.

Pima upana wa brekishuu. Pima tundu la wili silinda mahali pistoni inapopita. Mara nyingi kipimo kimeandikwa kwenye mwili wake kwa inchi, ukisugua kutu kwa brashi ya waya utakisoma. Chora ilivyokaa: paipu inaingilia wapi, nipo ya upepo (skrubu ya kutolea hewa) iko wapi, pistoni inaelekea wapi.

Hili la pistoni litazame kwa makini mbele. Kila gurudumu la mbele la 109 lina silinda mbili, moja juu na moja chini, zimeunganishwa kwa kipaipu kifupi nyuma ya bakipleti. Kila silinda inasukuma brekishuu moja, na inaisukuma kufuata mzunguko wa tairi gari likienda mbele. Dramu yenyewe inasaidia kuivuta brekishuu, nguvu inaongezeka bila wewe kuongeza mguu. Kwa sababu hiyo silinda za kulia si za kushoto. Ukizibadilishana, zinaingia vizuri tu (neno lilelile), na utapata gari linalosimama barabara likirudi nyuma na kuteleza likienda mbele. Kinyume chake pia ni kweli: 109 iliyofungwa sawasawa ina breki dhaifu ikirudi nyuma. Ukikwama mlimani na mzigo, usiiache irudi kwa kasi ukidhani utaikamata.

Mwisho, kata kipande cha paipu ya zamani chenye nati yake, urefu wa kidole, ukitie mfukoni. Hicho ndicho kipimo cha dukani. Nati ya 3/8 kwenye tundu la 3/8 inazunguka kwa vidole mpaka mwisho, laini, bila kucheza. Kwenye tundu la milimita 10 inaingia mizunguko ya mwanzo huku ikichezacheza, ukiitikisa kwa pembeni unaisikia. Mimi natembea na vitu viwili: kile kipande cha paipu, na ile silinda iliyonitupa mchangani, ili nilinganishe mchezo wa nati kabla ya kulipa.

Hatua ya nne: sokoni

Dar es Salaam tunakwenda Gerezani na Kariakoo. Nairobi ni Kirinyaga Road, Kampala ni Kisekka. Arusha, kwa sababu ya magari ya kubeba watalii, kuna mafundi ambao hawajawahi kushika gari lingine zaidi ya Land Rover, na mara nyingi ni rahisi kumuomba fundi wa huko akununulie kuliko kubahatisha mwenyewe. Njia nyingine ni kuagiza Uingereza, ambako maduka ya spea za Series ni mengi. Ukiagiza huko, tumia namba ya spea badala ya jina. Za zamani ni tarakimu tupu, nyingine zinaanza na herufi RTC au STC. Namba hiyo ndiyo inayotofautisha kulia na kushoto, mbele na nyuma. Kumbuka kuhesabu usafiri na ushuru kabla hujafurahia bei.

Ukiwa dukani usianze kwa kusema "nataka wili silinda ya Land Rover". Weka ya zamani juu ya meza. Omba ya kulinganisha, pima tundu, ingiza nati yako, geuza uone nipo iko wapi. Muuzaji mzuri hatakasirika. Akianza kukuharakisha, "mzee, hizi wanachukua watu kila siku", mshukuru na uende duka la pili.

Vitu ambavyo sinunui mtumba hata nikipewa bure: wili silinda, masta silinda, mipira ya paipu na chochote chenye raba. Dramu ya mtumba nachukua, nikishaipima na kuigonga. Inayolia kama kengele ni nzima, inayolia kibubu imepasuka mahali. Brekishuu ya mtumba nachukua kwa ajili ya chuma chake tu, nikaibandikie laining mpya.

Raba inazeeka hata ikiwa kwenye boksi. Silinda iliyokaa rafu ya juu karibu na bati tangu enzi hizo, hata kama ni orijino kabisa, vua kofia yake ya vumbi na uiangalie mipira. Ikiwa migumu, unanunua mwili tu, na seti ya mipira utahitaji kutafuta.

Kuhusu kukarabati ya zamani kwa seti ya mipira: inawezekana, na ni nafuu. Toa pistoni, safisha tundu kwa spiriti, pitisha ukucha ndani. Ukucha ukikwama kwenye shimo la kutu, itupe. Mpira mpya unaopita kwenye shimo hilo unachanika kidogokidogo, na utaanza kuvuja siku usiyoitaka. Ukucha ukipita bila kukwama, osha, funga mipira mipya ukiwa umeipaka mafuta safi ya breki. Kamwe usioshe mipira kwa petroli, dizeli au oili. Inavimba usiku mmoja kama maharage yaliyolowekwa.

Masta silinda nayo iwe ya 109. Ya kipenyo kidogo inafanya pedeli iwe laini lakini iende mbali, kwa sababu kila ukikanyaga inasukuma mafuta machache. Kubwa kupita kiasi inakupa pedeli ngumu, fupi, isiyoshika. Watu wanabadilisha wili silinda zote wakitafuta ugonjwa huu, na muda wote uko kwenye masta.

Hatua ya tano: laining na dramu

Dramu yenye mifereji ipeleke kwa fundi mkerezaji aichonge, zote mbili za eksele moja kwa kipimo kimoja. Laining, kama hukupata brekishuu mpya, kuna mafundi wa kuzipigilia kwa ribiti. Simama naye. Ribiti zianze katikati zikienda pembeni, vichwa vizame ndani ya laining, na baada ya kumaliza jaribu kupenyeza karatasi kati ya laining na chuma. Karatasi ikipenya, arudie.

Kuna jambo mafundi wengi wanaliruka. Dramu iliyochongwa imetanuka, na laining mpya ina umbo la dramu mpya. Zikikutana, laining inagusa katikati tu. Paka chaki nyeupe ndani ya dramu, ivalishe, kaza adjasta mpaka brekishuu iguse, zungusha kwa mkono, kisha vua. Pale chaki ilipohamia ndipo inapogusa. Kama ni kiraka cha upana wa vidole viwili katikati, isugue hapo kwa msasa mkavu uliolazwa juu ya kipande cha mbao, nje ya nyumba, kitambaa puani, mpaka chaki isambae angalau zaidi ya nusu ya laining. Ni kazi ya saa nzima kwa kila gurudumu. Mimi naifanya.

Hatua ya sita: kufunga

Osha mikono, si utani. Alama ya kidole chenye grisi kwenye laining inatosha kufanya gurudumu moja livute.

Safisha bakipleti, paka grisi ya joto kali kidogo sana, kama punje ya mchele, pale brekishuu inapoteleza juu ya bakipleti na kwenye kikombe cha adjasta. Funga silinda, kaza nati zake, unganisha paipu kwa vidole kwanza. Ikikataa kwa vidole, usiite spana. Toa, angalia, anza upya. Halafu brekishuu na springi kwa kufuata picha zako na upande wa pili ambao hujaufungua. Springi iliyonyooka au yenye kutu ibadilishe, ni kitu cha bei ndogo. Badilisha brekishuu za kulia na kushoto pamoja siku zote.

Hatua ya saba: paipu na mipira

Series ina mipira mitatu ya paipu: miwili mbele, mmoja unaoshukia eksele ya nyuma. Kwa nje inaweza kung'aa na ndani imevimba mpaka tundu limebaki kama la sindano. Dalili yake ni gurudumu linaloshika na kukataa kuachia: mguu wako una nguvu ya kupitisha mafuta, springi haina nguvu ya kuyarudisha. Kama hujui mipira yako ina umri gani, badilisha yote mitatu.

Paipu za chuma zilizooza zibadilishwe kwa paipu maalumu ya breki, ya chuma au ya mchanganyiko wa shaba na nikeli, inchi 3/16. Nimeona gari zimefungwa paipu ya shaba ya friji. Inakunjika kirahisi, inapendeza, lakini haikutengenezwa kwa presha ya breki na inachoka kwa mtikisiko. Midomo ya paipu ipanuliwe kwa kifaa chake na ifanane na ile uliyoitoa. Mdomo wa umbo lingine utavuja hata ukikaza mpaka nati ivuke.

Hatua ya nane: kutoa upepo

Tumia mafuta ya DOT 4, au DOT 3 kama ndiyo yaliyopo, kutoka chupa uliyoifungua siku hiyohiyo. Mafuta haya yananyonya unyevu wa hewani. DOT 4 mapya hayachemki mpaka nyuzijoto 230, yakishashiba maji yanachemka kwenye 155. Ukishuka Kitonga au ile barabara ya Lushoto hadi Mombo ukiwa na mzigo, tofauti hiyo utaisikia kwenye pedeli. DOT 5 ya silikoni usiichanganye na hizi. Na futa haraka yakidondokea rangi, yanaibabua.

Kabla ya kuanza, legeza adjasta zote ili springi zirudishe pistoni ndani kabisa. Nafasi ya upepo kujificha inapungua. Weka kipande cha mbao chini ya pedeli, isifike sakafuni. Masta silinda ya zamani ina kutu sehemu ambayo pistoni haijawahi kufika, na siku ya kutoa upepo ndiyo siku mpira unapopelekwa huko na kuchanika.

Anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta. Kwa gari letu la usukani wa kulia ni nyuma kushoto, kisha nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Vika mpira mwembamba kwenye nipo, ncha yake izame kwenye mafuta ndani ya chupa ya plastiki inayoonyesha ndani. Mwanangu ndiye hukanyaga. Tunasemezana hivi:

"Kanyaga."

"Nimekanyaga, baba."

Nafungua nipo, povu linatoka, nafunga.

"Achia polepole."

Akiwahi kuachia kabla sijafunga, tunaanza upya. Kila mara nne au tano natazama chombo cha juu. Kikikauka kimevuta upepo na kazi yote imeharibika. Endelea mpaka mafuta yatoke bila hata kibofu kimoja. Mbele ya 109, kwa kuwa kuna silinda mbili na kipaipu cha kuziunganisha, tarajia kurudia. Mafuta yaliyotoka usiyarudishe juu, hata kama yanaonekana masafi.

Hatua ya tisa: kurekebisha, na safari ya kwanza

Mbele kuna adjasta mbili kwa kila gurudumu, moja kwa kila brekishuu. Kaza moja mpaka tairi igome kuzunguka, kanyaga pedeli mara moja brekishuu ijiweke sawa, kaza tena kama imelegea, kisha rudisha mpaka tairi izunguke huru. Msuguano mwepesi wa kusikika tu hauna neno. Halafu ya pili. Adjasta za nyuma za 109 nyingi zina kichwa kimoja cha pembe nne kinachorekebisha brekishuu zote mbili. Ukikizungusha kinatoa mlio wa tik tik. Kaza mpaka igome, rudisha tik mbili.

Angalia pedeli yenyewe. Lazima iwe na mchezo mdogo kabla ya fimbo yake kugusa pistoni ya masta, kama milimita 1.5. Bila mchezo huo mafuta yaliyopata moto hayana njia ya kurudi juu, na breki zitajishika zenyewe barabarani. Gari likigoma kutembea baada ya kilomita kumi, legeza nipo moja. Mafuta yakiruka na magurudumu yakaachia, rudi kwenye fimbo ya pedeli.

Kisha mwombe mtu akae akanyage pedeli kwa nguvu zake zote, dakika nzima, injini imezimwa. Wewe ukiwa na tochi pitia kila nati, kila mpira, kila silinda kwa kidole kikavu. Pedeli isizame hata kidogo. Ikishuka taratibu na nje hakuna unyevu popote, masta silinda inavuja kwa ndani.

Safari ya kwanza ni ndani ya uwanja, mwendo wa miguu. Halafu barabara isiyo na watu, kilomita 30 kwa saa, kanyaga mara kumi hivi kwa nguvu ya kawaida, ukiacha nafasi dramu zipoe. Usivute breki ya mkono gari likiwa linatembea kujaribu kitu. Inashika propela na inaweza kukuvunjia shafti. Ukisimama, zunguka ushike kila habu kwa kiganja. Zote ziwe na uvuguvugu unaolingana. Yenye moto inajishika, ya baridi haifanyi kazi.

Laining mpya zinajilaza, kwa hiyo pedeli itashuka kidogo wiki ya kwanza. Baada ya kama kilomita 200 kaza adjasta tena, kagua nati za paipu kwa tochi, ongeza mafuta ikibidi. Mimi huiacha ile spana ya adjasta chini ya kiti mpaka nimeifanya kazi hiyo mara mbili.